Mwanga Ndani ya Seli Hai: Tuuamini kwa Kiasi Gani?

Tangu miaka ya 1980, mwanabiolojia anayetaka kujua seli inaarifiwaje kwamba ijikunje, igawanyike au ife halazimiki tena kuisaga kwanza. Anaiacha hai kwenye kisahani cha kioo, anaiingizia rangi au protini inayong'aa ikimulikwa, kisha anakaa gizani mbele ya hadubini na kuitazama ikifanya kazi. Kiwango cha kalsiamu kikipanda, seli inawaka. Kikishuka, inafifia. Picha hizo zimejaa kwenye majarida, nami ni mmoja wa wanaozipenda sana. Lakini nimeona pia hoja kubwa zikijengwa juu ya mng'ao mmoja, kisha zikatikisika kwa sababu swali la msingi liliulizwa kwa kuchelewa: kitambuzi hiki huwashwa na nini kingine?

Nimezigawa hoja kwa sauti tatu. Mtafiti ni mwanamke anayeshinda na hadubini. Mwalimu ni mkemia mstaafu aliyemfundisha chuoni. Daktari anatibu wagonjwa, na malaria anakutana nayo kila wiki. Wasemaji nimewatunga, majaribio wanayoyataja yalifanyika kweli. Msimamo wangu nitautoa nitakapoona hapana budi.

MTAFITI: Shikamoo Mwalimu. Nianze na jambo ambalo mbinu za kusaga zisingetuonyesha kamwe. Ukichukua mamilioni ya seli za ini, ukazipa homoni na kupima kalsiamu yake kwa pamoja, utapata mstari unaopanda na kutulia. Mwaka 1986 Woods, Cuthbertson na Cobbold walichapisha vipimo vya seli mojamoja za ini, na hadithi ikageuka. Kalsiamu ilipanda ghafla, ikashuka, ikapanda tena, kwa mapigo. Homoni ilipoongezwa, kilichobadilika zaidi ni mwendo: mapigo yalikaribiana. Kila seli inapiga kwa wakati wake, kwa hiyo ukizijumlisha mapigo yanafutana na wewe unabaki na wastani usiosema lolote. Ujumbe ulikuwa umo kwenye mdundo, na mdundo hauonekani ila kwa seli moja iliyo hai.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Mfano ni mzuri, ila unanisaidia mimi kuliko wewe. Hao hawakutumia rangi ya kumulikwa. Walitumia ekworini, protini ya yavuyavu ambayo hutoa mwanga wake yenyewe inapokutana na kalsiamu. Osamu Shimomura alianza kuitafuta kwa yavuyavu wa Friday Harbor, jimbo la Washington, mwaka 1961. Siku moja alimwaga kwenye sinki maji aliyoyakamua kutoka kwa wanyama hao, akaona sinki linawaka buluu. Maji ya bahari yalikuwa yakitiririkia humo, na maji ya bahari yana kalsiamu. Angalia basi: hapakuwa na taa. Fluoresensi inadai taa. Ni lazima uimulike molekuli kwa mwanga wa rangi moja ili ikurudishie mwanga wa rangi nyingine, na mwanga huohuo unaichosha rangi na kuijeruhi seli. Unaitesa seli, kisha unaiuliza hali yake.

MTAFITI: Kwa heshima zote, Mwalimu, ekworini ina umaskini wake. Molekuli moja ikishatoa mwanga wake imemaliza zamu. Haiwaki tena hadi ijazwe upya. Ya fluoresensi hung'aa tena na tena, maelfu ya mara, kabla haijachakaa. Ndiyo sababu Roger Tsien hakuridhika na yavuyavu. Tena rangi aliyoitengeneza si ya kuokotwa dukani. Ndani ya seli iliyotulia, kalsiamu huru ni kama nanomola 100. Nje ya utando wake ni zaidi ya milimola moja, yaani karibu mara elfu kumi. Alihitaji molekuli ya kushika hicho kidogo cha ndani bila kudanganywa na magnesi, ambayo imejaa humo kwa wingi zaidi. Aliipata, lakini ilikuwa na chaji nyingi za umeme, na utando wa seli hauruhusu vitu vya namna hiyo kupita. Mwaka 1981 akaonyesha ufumbuzi: zifunike chaji hizo kwa vipande vya esta. Molekuli inapenya bila kuzuiwa. Ikifika ndani, vimeng'enya vya seli yenyewe vinakata esta, chaji zinarudi, na rangi inanaswa humo.

DAKTARI: Kwa hiyo seli yenyewe ndiyo inaufunga mlango?

MTAFITI: Yenyewe. Mwaka 1985 ikaja fura-2, ambayo maabara nyingi zinaitumia hadi leo. Unaimulika kwa nanomita 340, halafu 380, halafu 340 tena. Kichungi kinabadilishana mbele ya taa, unakisikia kinavyogonga gizani. Kalsiamu ikishikwa, mng'ao wa 340 unaongezeka na wa 380 unapungua. Kompyuta inagawanya picha ya kwanza kwa ya pili, nukta kwa nukta. Seli ikiwa nene upande mmoja, au rangi ikiwa imejikusanya mahali, au taa ikiyumba, picha zote mbili zinaathirika sawa na mgawanyo unaufuta ubovu huo. Nikikuletea namba hapo, Mwalimu, sikuletei mapambo.

MWALIMU: Namheshimu Tsien kuliko unavyodhani, kwa sababu alifikiri kama mkemia. Ila tuseme ukweli wote. Rangi inayoona kalsiamu inaiona kwa kuishika. Ni kupima maji ya kisima kidogo kwa kuyachota: kadiri unavyochota ili upime, ndivyo unavyoyapunguza. Quin2, iliyoitangulia fura-2, iling'aa kidogo, watu wakalazimika kuijaza kwa wingi ndani ya seli, na mapigo ya kalsiamu yakapunguzwa makali na rangi yenyewe. Fura-2 iling'aa hadi mara 30 zaidi, kwa hiyo ilitosha kidogo. Nafuu hiyo ni kubwa. Kisima, hata hivyo, bado kinachotwa.

DAKTARI: Samahani wazee wangu, mimi ni mtu wa zahanati. Naomba mniambie mdundo huu wa kalsiamu unanihusu nini mimi.

MTAFITI: Unakuhusu, Daktari, kwa sababu kimelea cha malaria nacho kinaishi kwa ishara hizihizi. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa, anavuta pia vimelea vilivyolala ndani ya chembe nyekundu, vikisubiri. Katika tumbo la mbu joto linashuka, na mbu ana kemikali yake, asidi ya zanthureniki, iliyotambuliwa mwaka 1998 kuwa ndiyo inayoviamsha. Kimelea dume kinachukua takriban robo saa tu kutoa gameti nane zenye mikia, zikaanza kutafuta jike. Pasipo hatua hiyo, mbu hamwambukizi mtu yeyote. Sasa kimelea kinajuaje kwamba kimefika? Kundi la Oliver Billker lilikiwekea kitambuzi cha kalsiamu kimelea cha malaria ya panya, na mwaka 2004 likaonyesha kwamba asidi hiyo inapandisha kalsiamu upesi ndani yake, na kwamba kuna kimeng'enya kimoja, CDPK4, kinachopokea habari hiyo na kuanzisha kazi.

MWALIMU: Mwambie pia walivyojiridhisha.

MTAFITI: Waliiondoa jeni ya CDPK4. Vimelea vikabaki hai ndani ya damu, lakini madume yakashindwa kutoa gameti na safari ya kupitia mbu ikakatika.

MWALIMU: Hapo ndipo penye uzito! Mwanga ulionyesha mahali pa kutazama, kisu cha jeni kikathibitisha. Ningepewa mwanga peke yake, ningerudi nyumbani na shaka zangu.

Niseme hapa kwamba sehemu iliyofuata ya mazungumzo ilikuwa na historia nyingi, nami naipitisha haraka kwa sababu imesimuliwa mara nyingi. Yule yavuyavu alikuwa na protini ya pili, ya kijani. Douglas Prasher aliipata jeni yake na kuichapisha mwaka 1992. Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha mwaka 1994 kwamba jeni hiyo ikiwekwa ndani ya bakteria au mnyoo, kiumbe huyo anang'aa bila kuongezewa kitu kingine cha yavuyavu. Mwaka 1997 Atsushi Miyawaki, akiwa na Tsien, akaunganisha protini mbili za rangi tofauti kwa kiungo kinachojikunja kikishika kalsiamu. Kuanzia hapo kitambuzi hakikuhitaji tena kuingizwa kutoka nje. Seli inajitengenezea, hata ndani ya ubongo wa panya anayetembea. Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2008.

MWALIMU: Na kitambuzi kinachotengenezwa na seli usiku na mchana hakitoki tena. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi juu ya panya waliozaliwa na GCaMP6, kitambuzi cha kalsiamu cha namna hiyo, kwenye gamba la ubongo. Baadhi ya aina hizo za panya walikuwa na milipuko ya umeme ubongoni inayofanana na ya kifafa. Watu waliotafuta jinsi ubongo wa kawaida unavyofikiri walikuwa wakitazama ubongo uliobadilishwa na chombo cha kutazamia.

MTAFITI: Ni kweli, na waliosema hivyo ni watumiaji wa GCaMP wenyewe, wakaonyesha pia kwamba kitambuzi kikizuiwa kutengenezwa wakati panya ni wachanga, tatizo linapungua. Fani inayojikagua haistahili kulaumiwa kwa kujikagua.

MWALIMU: Siilaumu kwa hilo. Naileta sasa kesi inayoniuma. Mwaka 2008, katika jarida la Cell, Wang na wenzake walieleza kwamba wameona mitokondria mojamoja ndani ya seli za moyo zikimemeta. Moja inawaka kwa sekunde kumi hivi, inazima, nyingine kando inawaka. Kitambuzi kilikuwa cpYFP, protini ya njano iliyokatwa na kuunganishwa upya. Wakasema kinachowaka ni supaoksaidi, ile oksijeni yenye elektroni ya ziada ambayo watu wengi wanaihusisha na uzee na magonjwa. Mwaka 2014 kazi nyingine ikatoka katika Nature: kwa minyoo ya Caenorhabditis elegans, wingi wa mimemeto hiyo katika siku ya tatu ya utu uzima ulitabiri mnyoo ataishi muda gani. Mimemeto mingi, maisha mafupi. Hebu fikiria uzito wa dai hilo.

DAKTARI: Ni zito. Hata mgonjwa wangu angelielewa.

MWALIMU: Ndiyo maana linaniuma. Mwaka uleule, katika jarida lilelile, Markus Schwarzländer na wenzake wakajibu: cpYFP iliyosafishwa, ikiwekwa pamoja na supaoksaidi, haibadiliki. Kinachoibadilisha ni asidi. Asidi ikipungua kidogo, protini inang'aa zaidi. Na ndani ya mitokondria, asidi inaweza kupungua kwa sababu nyingi, maana kazi yake yote inategemea kusukuma protoni kutoka upande mmoja wa utando kwenda wa pili. Waandishi wa kwanza walijibu na kuitetea tafsiri yao. Lakini miaka sita ilikuwa imepita, na jina "supaoksaidi" limekwisha kubandikwa kwenye picha.

MTAFITI: Mimemeto ipo, Mwalimu. Hakuna anayesema haipo.

MWALIMU: Ipo. Kinachobishaniwa ni inasema nini.

Hapa naingilia, kwa sababu ndipo nilipo mimi. Namwona Mwalimu ana haki kuhusu ushahidi, na Mtafiti ana haki kuhusu ulazima. Jambo ninalolidai ni moja, nalo si kubwa: picha ya seli inayong'aa isichapishwe peke yake. Iletwe pamoja na picha ya kitambuzi kilekile kilichopofushwa, kilichobadilishwa kidogo tu hadi kisiweze kuona kile kinachotafutwa, huku mengine yote yakibaki vilevile. Chombo hicho kipo, tena muda mrefu. Naomba Mtafiti akieleze, maana anakitumia.

MTAFITI: Mwaka 2006 Belousov na wenzake walitengeneza HyPer. Walichukua hiyohiyo protini ya njano iliyokatwa, wakaipachika ndani ya OxyR, protini ambayo bakteria huitumia kunusa peroksidi ya hidrojeni. Peroksidi ikigusa sisteini namba 199, OxyR inajikunja na mng'ao unabadilika. Shida ikawa ileile: asidi nayo inaubadilisha. Dawa yake ni kubadili asidi amino moja tu, sisteini hiyo ya 199, kuwa serini. Protini mpya, SypHer, haioni peroksidi hata kidogo, lakini asidi inaiona kama zamani. Basi unaandaa visahani viwili. Seli za kwanza zina HyPer, za pili zina SypHer. Unazipa dawa ileile, chini ya taa ileile, dakika zilezile. Vikiwaka vyote viwili, umeona asidi. Kikiwaka cha kwanza na cha pili kikatulia, hapo una neno la kusema. Mwaka 2020 ikaja HyPer7, ambayo asidi haiisumbui sana. Mimi bado naweka kisahani cha pili.

MWALIMU: Mwanafunzi wangu huyo! Lakini rangi za kutengenezwa hazina pacha aliyepofushwa. Fura-2 yako hushika zinki kwa nguvu zaidi kuliko inavyoshika kalsiamu. Utajuaje?

MTAFITI: Naongeza TPEN, ambayo inaikamata zinki na karibu haigusi kalsiamu ya ndani ya seli. Mng'ao ukishuka baada ya hapo, nilikuwa nikipima zinki. Mara nyingi haushuki, ila siku ukishuka unashukuru kwamba ulijaribu.

MWALIMU: Basi tumalize hivi: dai lolote linalotokana na mwanga lisikubalike hadi lithibitishwe kwa njia nyingine isiyo ya mwanga.

MTAFITI: Hapo siafiki, Mwalimu, na naomba univumilie. Mwaka 1993 Cheng, Lederer na Cannell waliona cheche za kalsiamu ndani ya seli za moyo. Cheche moja ina upana wa mikromita mbili hivi na inazimika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Niambie, ni kipimo gani kingine cha wakati ule kingeiona ndani ya seli nzima iliyo hai? Elektrodi isingeweza kuwekwa kila mahali. Kusaga kungeiua. Kanuni yako ingewazuia kuchapisha, nasi tusingejua kwamba pigo zima la moyo linajengwa na cheche hizo zikifyatuka kwa maelfu pamoja. Walichokifanya ni kuibana cheche yenyewe: walitumia rianodini, dawa inayojulikana kushika mlango wa kutolea kalsiamu, na cheche zikabadilika. Vipo vitu ambavyo kwa sasa vinaonekana kwa mwanga pekee. Kwa hivyo, tukihoji kitambuzi hadi mwisho, turuhusiwe kusema tulichokiona.

MWALIMU: Rianodini ni njia nyingine, kwa maana fulani.

MTAFITI: Ni njia nyingine ya kuigusa seli. Bado waliitazama kwa mwanga.

MWALIMU: Haya. Kwa cheche, nakupa. Mitokondria ya 2008, sikupi.

DAKTARI: Nami nina swali moja kabla hatujaachana. Watu wananijia na chupa za vidonge vya kuzuia oksidi, wameambiwa vinaondoa sumu za oksijeni na kuongeza umri. Vidonge ni ghali, wengine wananunua badala ya dawa ya presha. Hii mimemeto ya minyoo inawaunga mkono?

MTAFITI: Hapana, Daktari. Hata ukikubali kwamba mimemeto inaendana na umri wa mnyoo, na hicho kilipimwa, hujajua bado kinachomemeta ni nini. Kama ni supaoksaidi, mtu angesema ipunguzwe. Kama ni badiliko la asidi, basi mitokondria ilikuwa ikifungua na kufunga njia zake za protoni, na kidonge cha kuzuia oksidi hakina cha kufanya hapo. Watu wawili wakitazama picha ileile wangeandika dawa mbili tofauti. Na hata ingekuwa supaoksaidi, mnyoo wa milimita moja kwenye kisahani hajawahi kuwa na presha.

MWALIMU: Mwambie mgonjwa wako aendelee na dawa ya presha.

DAKTARI: Hilo namwambia kila siku. Nilitaka kujua kama nina cha kuongeza.

MTAFITI: Ongeza kwamba kisahani cha pili hakijawekwa mezani.